Feni ya maji: nyota moja na nusu Kisumu, nne Lodwar

Nianze na tangi, maana tangi ndilo lililonifungua macho. Feni hii inabeba lita sita za maji. Usiku mmoja wa Februari niliijaza mpaka juu, nikaiwasha saa tatu usiku chumbani kwangu Manyatta, Kisumu, ikanguruma hadi saa kumi na moja alfajiri. Nilipoamka, shuka zimenikwama mgongoni, nilifungua tangi nikakuta imetumia lita moja na ushee tu. Wiki chache baadaye mashine hiyo hiyo, na sega lake lile lile la karatasi linalolowa maji, ilikuwa sebuleni kwa wifi yangu Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Tuliiwasha saa nne asubuhi, na kabla ya saa nane mchana lita zote sita zimekwisha, inalia kama mtoto aliyenyimwa uji.

Ukielewa kwa nini maji yalibaki kwangu yakaisha kwa wifi, hutahitaji kusoma zaidi. Lakini kwa kuwa mimi nilitoa Sh 9,800 ndipo nikaelewa, acheni niseme yote.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu ni cha mabati, juu na pembeni, futi kumi kwa kumi na mbili. Ndani kuna cherehani mbili, ovaloki moja, meza ya kukatia, pasi, mimi na msichana ninayemfundisha kazi. Jamaa zetu walio ng'ambo wakipiga simu mwezi wa saba hulalamika kuhusu kiangazi chao. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua letu halina mwezi wa saba wala wa pili, ila kuna ule msimu Waluo wanauita oro, toka Januari mpaka mvua za Machi zianze kubisha hodi. Hapo ndipo mabati yanapokuwa kikaango. Nilinunua kipimajoto kwenye duka la dawa za mifugo, kile wafugaji wanachotundika kwa vifaranga, nikakining'iniza juu ya meza. Saa nane mchana nje kivulini kilisoma 31. Ndani kibandani, 36. Hapo pasi bado haijawashwa.

Siku msichana wangu alipoinuka kwenye cherehani akasema anaona giza, akakaa chini na uso umetoka jasho baridi, nilimtoa nje chini ya mwarobaini, nikamlowesha shingo na mikono, nikampa maji yenye sukari na chumvi kidogo kidogo. Alipata nafuu. Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda mjini kutafuta mashine.

Duka lenyewe silitaji. Kijana aliyenihudumia alikuwa na maneno matamu: "Mama, hii ni eyasii ndogo, kiyoyozi kabisa. Unaweka maji, unaweka barafu, unafunga mlango, baada ya nusu saa unatafuta sweta." Nilimuuliza kuhusu stima, akanionyesha kibandiko nyuma: wati 65. Hapo hakudanganya. Eyasii ya kweli, hata ile ndogo ya chumba kimoja, hula wati elfu moja hivi, na mimi natumia tokeni, stima ya kulipia kabla, kwa hiyo hizo 65 ziliniingia moyoni kuliko sura ya mashine yenyewe. Ni mnara mweupe unaonifika kiunoni, una magurudumu manne, rimoti, na nyuma yake kuna sega la karatasi ngumu ya kahawia, mashimo mashimo kama la nyuki. Pampu ndogo inavuta maji toka tangini na kuyamwaga juu ya sega, feni inavuta hewa ikipita katika lile sega bichi, hewa inakutokea mbele ikiwa imepoa. Hakuna gesi wala kompresa. Mfano wake ni ile kanga iliyolowa unayojitupia mabegani mchana.

Sasa ile barafu. Ndani ya boksi kuna chupa mbili za buluu, kila moja nusu lita, za kugandisha na kutumbukiza tangini. Sina friza. Jirani yangu mama samaki anayo, akanikubalia kwa shilingi ishirini kwa chupa. Kila asubuhi nilikwenda kuzichukua kati ya mbuta na ngege, nikazisuuza mara tatu, na bado kibanda kilinuka ufukwe. Mteja mmoja aliyeleta kitambaa cha harusi aliniuliza kama nimeongeza biashara ya samaki. Na faida yake? Kijana wangu yuko kidato cha tatu, nikamwambia atoe daftari la fizikia anipigie hesabu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto kilojuli 334. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye joto la chumba inameza karibu 2,400. Yaani chupa ile ya nusu lita niliyoilipia shilingi ishirini na harufu ya samaki, barafu yake ikiyeyuka, inafanya kazi sawa na vijiko vitano hivi vya mezani vya maji vikipanda hewani. Vijiko vitano! Kijana alicheka mpaka akalalia daftari. Siku hiyo chupa zikarudi kwenye boksi, na hazijatoka tena.

Kwa hiyo kinachopoza ni maji yanayoondoka. Maji yaliyobaki tangini hayajafanya kitu, yamekaa tu. Na hapa ndipo Kisumu inapoisaliti mashine. Mji wetu umekaa kwenye pua ya Ghuba ya Winam, ziwa liko mlangoni, hewa imeshabeba maji mengi kabla sijaongeza yangu. Usiku ndiyo mbaya zaidi, hewa inapoa kidogo na unyevu unazidi. Hewa iliyoshiba haili tena. Sisi mafundi tunalijua jambo hili bila fizikia: kitambaa cha pamba nikikiloweka mchana wa Januari kinakauka nikimalizia kikombe cha chai, lakini nikikianika mwezi wa nne baada ya mvua naweza kukikuta jioni bado kizito. Feni ya maji ni kamba ya kuanikia nguo iliyowekwa mota. Siku ambayo nguo haikauki, nayo haipozi.

Sitaki kuionea. Mchana wa jua kali, mwezi wa pili, mlango na dirisha vikiwa wazi, ilifanya kitu. Mbele ya mdomo wake kipimajoto kilishuka toka 36 hadi 30, na ukikaa hatua mbili kutoka pale unasikia raha shingoni. Lakini nilimfuata yule kijana wa dukani nikafunga mlango. Nusu saa ya kwanza, sawa. Saa moja baadaye ndani palikuwa pamerudi 33, na hewa nzito kama jikoni siku ya kuchemsha githeri. Jasho halikauki, linatambaa tu. Karatasi ninazokatia mitindo zikaanza kujikunja pembeni. Kumbe mashine hii inataka dirisha wazi ili hewa iliyolowa itoke na kavu iingie. Maelezo hayo yamo kwenye kijikaratasi chake, kwa herufi za kutafutia miwani.

Chumbani usiku ndiyo niliipa sifuri. Kwanza kelele: kwenye nafasi ya tatu inanguruma kama posho mill ya jirani. Pili hiyo lita moja na ushee niliyotaja, ambayo kwa ninavyojua yote iliingia kwenye godoro. Tatu mbu. Niliiacha siku nne na maji tangini nilipokwenda matanga Siaya; niliporudi nikafungua kifuniko nikakuta viluwiluwi wanacheza. Kwa mtu wa Kisumu, ambako malaria ni mgeni asiyeaga, kufuga mbu kwa pesa zako mwenyewe ni aibu ambayo hata hapa naiandika nikiangalia pembeni. Ukiwa nayo, mwaga maji kila jioni na uache kifuniko wazi tangi likauke.

Kilichonitoa machozi ni gauni. Satini ya rangi ya maziwa, ya bibi harusi wa Jumamosi, niliitundika upande ule hewa inakopiga nikidhani naitunza isishike jasho. Ikalala hapo siku tatu. Siku ya tatu pindoni kulikuwa na vidoa vya ukungu, vidogo kama chawa. Nilikata pindo, nikaweka kitambaa kipya na lesi juu yake, bibi harusi akasema afadhali hivyo kuliko mtindo aliouchagua. Mungu yupo. Lakini lesi ile ilitoka mfukoni mwangu.

Nikairudisha dukani. Kijana alinionyesha kibao ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia haijaharibika, haifai tu. Akasema, "Mama, kama haijaharibika, unairudishia nini?" Hapo nilikosa jibu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, ingawa simheshimu kwa lile la sweta.

Wifi yangu ni mwalimu Lodwar. Kila tukiongea simu ananiambia sisi wa Kisumu tunalia joto kama watoto. Likizo ya Aprili ilipofika nikaifunga mashine kwa magunia, nikapanda gari mpaka Kitale, kutoka hapo basi la Lodwar: Kapenguria, Marich, Lokichar. Kuanzia Marich milima inakuacha nyuma na barabara inateremka kwenye tambarare, na ule upepo unaoingia dirishani si upepo tena, ni pumzi ya jiko. Lodwar iko chini sana ukilinganisha na sisi, karibu mita 500 tu juu ya bahari ilhali Kisumu ni zaidi ya 1,100. Joto la mchana kupita nyuzi 35 huko si habari.

Lakini midomo yangu ilikauka kabla sijafika. Leso niliyoilowesha Lokichar ilikuwa imekauka kabla hatujaenda mbali. Nikamwambia jirani yangu wa kiti, mzee wa Kiturkana mwenye fimbo na kigoda, kwamba mashine yangu itapenda kwao. Aliitazama kwenye gunia, akauliza kama inakula. Nikasema inakunywa. Akatikisa kichwa: "Basi imepotea njia."

Alikuwa na hoja, nitairudia. Sebule ya wifi ilikuwa 37. Tukaiweka mashine dirishani, mgongo nje, mdomo ndani, dirisha la pili wazi upande wa pili. Dakika kumi mdomoni inasoma 28. Tisa nzima! Wifi alivuta kiti akakaa mbele yake, akavua kilemba, hakusema neno kwa muda mrefu, na wifi yangu si mtu wa kunyamaza. Watoto wakaleta madaftari yao wakalala sakafuni mbele ya ile hewa. Hiyo kavu ya Lodwar iliyonipasua midomo ndiyo iliyokuwa ikinyonya sega kama ndama.

Feni yake ya kawaida ilikuwa imesimama kona. Ananiambia mchana hawaiwashi, inawapuliza moto. Kuna ukweli ndani yake. Shirika la Afya Duniani linashauri feni ya umeme itumike pale tu chumba kiko chini ya nyuzi 40. Joto likipita hapo feni inaupasha mwili moto badala ya kuupoza. Kibandani kwangu 36 inasaidia kwa sababu inakausha jasho. Kwa siku mbaya za Lodwar, afadhali uiache kona.

Sasa ile hoja ya mzee wa basi. Lita sita kila saa nne ni ndoo nzima mpaka jioni na zaidi, na Lodwar maji yananunuliwa kwa mtungi, tena mengine yana chumvi. Baada ya wiki mbili wifi alinitumia picha: sega limeshika ukoko mweupe kama meno ya anayevuta tumbaku. Akaliloweka sega kwenye maji yenye siki usiku mzima, likarudi vizuri kiasi. Nadhani kila miaka miwili atahitaji sega jipya, na sijaliona likiuzwa peke yake, wala Kisumu wala Kitale. Hiyo ndiyo nyota ya tano iliyoanguka.

Nakuru nipite haraka. Kaka yangu anakaa upande wa Menengai na nilishinda naye siku mbili nikirudi na mzunguko wa kumwona mama. Alitaka kujua kama anunue. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu, mchana wa Januari ni mkavu, vumbi linapanda toka ziwani, kwa hiyo mashine ingefanya kazi nzuri tu. Lakini usiku analala na blanketi mbili! Nikamwambia aweke pesa yake, afungue dirisha.

Nimekuja kujua mashine hizi si mpya. Kaskazini mwa India zimejaa madirishani, na huko wanajua kabisa kwamba zinasaidia joto kavu la mwezi wa tano, kisha mvua za masika yao zikifika unyevu unazinyamazisha. Na kule kaskazini mwa Nigeria mwalimu mmoja, Mohammed Bah Abba, miaka ya 1990 aliweka chungu ndani ya chungu, kati yake mchanga mbichi, akahifadhi mboga siku nyingi bila stima. Hesabu ile ile ya maji yanayoondoka. Bibi yangu kule Nyakach alikuwa na mtungi wa maji kwenye kona ya nyumba, daima una jasho nje, na tulikuwa tunakatazwa kuupangusa. Nilidhani ni miiko. Kumbe ulikuwa ukipoza kwa jasho lake.

Binti wa kaka yangu ni muuguzi Uingereza. Julai 2022 kipimo cha kule Coningsby kilipofika nyuzi 40.3, alinipigia simu analia. Nikamwambia afungue madirisha yote, kama shangazi mwenye busara. Akaniambia huko wanafunga madirisha na mapazia mchana, kwa sababu nje kuna joto kuliko ndani na nyumba zao zimejengwa zishike joto, kisha wanafungua usiku. Kibanda changu ni kinyume: mabati yanafanya ndani pazidi nje kwa nyuzi tano, nikifunga najichoma. Ushauri wangu wa shangazi ulikuwa wa mabati, yeye yuko kwenye matofali.

Hilo lilinirudisha kwenye swali ambalo ningeanza nalo. Joto langu halikuwa la hewa, lilikuwa la paa. Ukinyoosha mkono juu kuelekea mabati saa nane unausikia moto bila kuyagusa. Hakuna feni ya maji inayozima hilo. Kwa hiyo baada ya Lodwar nilikwenda Dunga, kwa akina mama wanaosuka mafunjo pale kwenye kinamasi, nikanunua mikeka minne mikubwa. Fundi wa mbao akaipigilia chini ya paa, akiacha nafasi ya kiganja na nusu kati ya mkeka na bati, na kwenye ukuta wa nyuma, juu kabisa, akakata tundu refu lenye wavu wa mbu ili ile hewa ya moto iliyonaswa itoke. Juu ya bati tukapaka chokaa nyeupe, inabidi nirudie baada ya mvua. Dirisha la upande wa ziwa nililokuwa nimelizuia na kabati la vitambaa nikalifungua. Upepo wa ziwa unaingia alasiri, unajua saa zake kuliko makanga wa matatu. Na kazi ya pasi yote naifanya kabla ya saa tatu asubuhi.

Yote hayo, mikeka, misumari, chokaa na fundi, yalinila Sh 5,400. Nikaongeza feni ya kusimama ya Sh 3,200. Juzi saa nane nje ilikuwa 31, ndani 32. Mikeka ina mafunjo yanayodondosha vumbi laini miezi ya mwanzo, ukiwa na vitambaa vyeupe funika. Sina lalamiko jingine.

Basi nyota. Kisumu na miji ya ziwani kama Homa Bay: moja na nusu, ile nusu ni ya wati 65 na magurudumu. Lodwar na kokote ambako leso inakauka mkononi: nne, kama una maji ya kuipa. Barafu, hakuna nyota.

Mashine imebaki kwa wifi. Tulikubaliana elfu saba, ametuma elfu nne na mia tano kwa M-Pesa kwa awamu, na kwa zilizobaki anasema atanishonesha sare za shule yao, ambayo kwa hesabu yangu ni mimi ndiye nitakayeshona. Jana alinitumia ujumbe: mbuzi wa jirani amegundua bomba la kumwagia tangi na anakuja kunywa.